Watu wa Mashine

Nimempiga mtu mzima kofi mara moja tu maishani mwangu, na mtu huyo alikuwa tayari amepigwa na wengine. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika, shati la kazi limeganda damu kifuani, naye amesimama mbele ya meza yangu akinihesabia vitu alivyonyang'anywa njiani. Alikuwa dereva wetu. Umri wake ungetosha kunizaa.

Kwanza nieleze nilikuwa mtu wa namna gani, maana sikuwa mtu wa kupendeza.

Kampuni yetu ilikuwa Nakuru, upande wa viwandani, ghorofa moja juu ya duka la vipuri vya trekta. Tuliuza na kukodisha mashine za hospitali: pampu za dripu, mashine za kupimia mapigo ya moyo, na zile za oksijeni ambazo wagonjwa wa mapafu walikaa nazo nyumbani, zikinguruma usiku na mchana kando ya kitanda. Mimi nilikuwa mhandisi wa usalama wa kompyuta. Cheo kirefu kwa kijana wa miaka ishirini na minane mwenye chumba kisicho na dirisha na feni moja inayopiga kelele. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba programu za mashine haziguswi na asiyehusika, na kwamba habari za wagonjwa wetu hazitoki nje.

Nilikuwa na hasira za karibu. Kila Jumatatu asubuhi nilizunguka meza kwa meza nikisaka maneno ya siri yaliyoandikwa kwenye karatasi. Nilitafuta chini ya kibodi, nyuma ya kalenda, ndani ya droo, hata chini ya vikombe vya chai. Nikiipata karatasi, naichana mbele ya mwenyewe. Karani mmoja wa mauzo alikuwa ameandika lake mgongoni mwa kibodi kwa kalamu ya wino, nikaing'oa kibodi nzima na kuitupa kwenye pipa la taka, na yeye nikamwambia aandike barua zake kwa mkono wiki hiyo. Alilia. Waliniita Polisi, na nikisema ukweli, jina hilo nililipenda.

Siku hizo niliamini kwamba siri ya mgonjwa ni ugonjwa wake. Nani ana kifua kikuu, nani mapafu yameoza kwa sigara, nani anatumia dawa zipi. Hayo niliyafungia kwa maneno ya siri mawili, na watu watatu tu waliweza kuyasoma. Jina la mgonjwa na njia ya kufika kwake nilionelea ni mambo ya madereva. Sikuweka kufuli hata moja hapo.

Wagonjwa wa nyumbani walikuwa arobaini na kitu, kutoka Nakuru mjini hadi Longonot, na wote walikuwa ndani ya kichwa cha yule dereva. Huku kwetu nyumba hazina nambari. Mtu anakaa nyuma ya kanisa, baada ya posho mill ya kusaga unga, karibu na mti uliokatwa. Mwezi wa Novemba, kampeni za uchaguzi mkuu wa 2007 zikiwa zimepamba moto, dereva akaugua malaria. Aliyeshika gari badala yake akazunguka mtaa wa Kiamunyi kutoka saa saba mchana hadi saa kumi akitafuta nyumba ya mgonjwa mmoja ambaye mashine yake imezimika. Alipofika, mtungi wa akiba wa oksijeni ulikuwa karibu kuisha na mgonjwa midomo imekuwa ya buluu.

Nilifoka sana. Dereva aliporudi kazini nilimkalisha ofisini kwangu na chai na mandazi nikamwambia hatoki mpaka kila kitu kitoke kichwani.

"Ukipata ajali kesho? Ukifa je?" nikamwuliza. "Hawa watu watakufa na wewe?"

Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akafumba macho akaanza kwenda, nyumba kwa nyumba, mikono ikishika usukani ambao haukuwepo, nami naandika kwenye kompyuta. Pita posho mill, hesabu mageti manne. Uliza mama wa viazi. Mpigie kijana wake kwanza. Alipofika kwa mwalimu wa Kiamunyi, yuleyule ambaye alikuwa nusura afe, akafumbua macho.

"Hapo mbwa ni kali," akasema. "Na mzee wake hasikii vizuri. Mimi huchukua jiwe nagonga geti mara tatu, halafu naita, 'Watu wa mashine!' Hapo ndio mzee anakuja na kufuli. Ukigonga vingine hafungui, hata ukae hapo mpaka kesho. Lakini hiyo usiandike."

"Kwa nini nisiandike?"

"Hiyo ni yetu na wao."

Nilimwambia kwenye mfumo wangu hakuna cha yetu. Nikaandika: *Mbwa mkali. Gonga mara tatu kwa jiwe, sema Watu wa mashine, atafungua.* Dereva alinitazama nikipiga herufi hizo, kisha akamalizia mandazi yake.

Kisha nikafanya jambo nililojivunia sana. Nikaipanga orodha kwa mitaa, ili dereva akiingia mtaa mmoja awamalize wote kabla ya kutoka, mafuta yasipotee. Jina, simu, mtaa, njia. Nikaichapisha pande mbili za karatasi moja kubwa, nikaitia plastiki isilowe mvua. Nakala moja ikaning'inia kwenye msumari chumba cha madereva, nyingine ikakaa juu ya dashibodi ya pikapu. Mkurugenzi alinisifu mbele ya watu wote siku tulipochinja mbuzi wa mwisho wa mwaka.

Huyo mwalimu nilimwona kwa macho yangu mwezi wa Desemba, nilipokwenda na dereva kukagua mashine. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amestaafu, mrija wa oksijeni umepita masikioni mwake kama miwani. Mrija ule ulikuwa na urefu wa mita saba. Ulimfikisha jikoni na chooni, haukumfikisha getini, kwa hiyo geti lilikuwa la mume wake. Nilipomwuliza kama mashine iliwahi kufa tena, alinikata palepale.

"Mashine haifi, kijana. Inaharibika. Wanaokufa ni watu."

Mume wake akacheka bila kusikia kilichosemwa. Walikuwa wameishi Kiamunyi miaka mingi, nyumba wameijenga kwa kiinua mgongo, na jirani yao, mama mmoja mwenye kuku, alikuwa akiingia na kutoka bila kupiga hodi. Lakini hawakuwa watu wa pale kwa asili. Jina lao la mwisho lilitoka upande mwingine wa nchi. Mwezi huo wa Desemba watu walikuwa wameanza kulitazama jina kabla ya uso.

Uchaguzi ukaja, na matokeo yakaja, na yaliyofuata kila Mkenya wa umri wangu anayajua. Wiki za kwanza za Januari moto ulikuwa kwingine, sisi Nakuru tukawa tunapokea waliokimbia. Uwanja wa maonyesho ukajaa mahema. Tukajidanganya kwamba mji wetu umeepuka. Kisha, Januari ikielekea kuisha, ikawa zamu yetu.

Ijumaa hiyo nilifika kazini kwa miguu. Barabarani, karibu na reli, nilimkuta mwanamume ameketi kwenye ukingo wa lami, mshale umemwingia begani. Hakuwa akilia. Alikuwa ameushika mti wa mshale kwa vidole viwili, akiuangalia kwa makini, kana kwamba anatafuta umeandikwa nini. Watu walimpita. Na mimi nikampita. Hatua kama hamsini mbele kulikuwa na mwili wa mtu umefunikwa kwa gunia la viazi, miguu iko nje, kiatu kimoja hakipo. Mitaani moshi ulipanda sehemu saba au nane. Unaweza kujua ni nyumba inayoungua na siyo matairi, kwa sababu mabati yakishika moto hulia.

Saa tano hivi dereva akaingia ofisini na lile sikio. Alikuwa ametoka alfajiri kupeleka mitungi, mimi sikujua.

"Boss, vijana wamenisimamisha barabarani," akasema. Alikuwa akipumua kwa mdomo. "Wamechukua simu. Wamechukua spea na jeki. Mitungi miwili wamebingirisha kwa mtaro. Hata chakula yangu wamekula nikiona. Wamenipiga na rungu kwa sababu nimechelewa kutaja jina ya babangu."

"Pole sana, mzee. Keti."

"Gari wameniachia. Basi. Na ile karatasi wameenda nayo."

"Karatasi gani?"

"Ile yako ya plastiki. Mmoja aliipenda, akaanza kusoma."

Kofi lilitoka kabla sijajua nimesimama. Lilimpata upande wa sikio bovu, na kofia yake ya sufu ikaanguka sakafuni. Nilimtukana. Nilimwita mjinga, mzee mzima asiye na akili, anayetaja jeki kabla ya kutaja watu. Yeye aliinama akaokota kofia, akaikung'uta kwenye paja, akaivaa polepole kwa sababu ya kidonda. Damu ilianza kutiririka upya. Ningependa kusema niliona aibu dakika ileile, lakini sikuona. Niliona hasira tu, na chini ya hasira niliona ile orodha, imepangwa kwa mitaa, jina na njia, mikononi mwa watu waliokuwa wakipoteza muda mwingi kuuliza nani anakaa wapi. Nilikuwa nimewafanyia kazi yao.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni. Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Nakuru, baba yake aliuza baiskeli mjini kabla ya uhuru. Alimtazama dereva, akanitazama mimi.

"Umemaliza?" akaniuliza. "Basi washa kompyuta."

Tulimfunga dereva sikio kwa bandeji za sampuli, kisha tukakaa, mkurugenzi na mimi, mbele ya orodha. Ilibidi tujue nani apigiwe simu kwanza. Na njia ilikuwa moja tu, ileile waliyokuwa wakiitumia wale vijana: kusoma jina la mwisho na kukisia limetoka wapi, kisha kutazama mtaa. Mkurugenzi alijua majina kuliko mimi. Miaka arobaini amekaa kaunta akiandika stakabadhi za watu wa makabila yote.

"Huyu ni wa hapahapa, ruka," alisema, kidole kikishuka kwenye kioo. "Huyu yuko mahali pabaya. Huyu ameolewa, jina si lake, lakini wao hawatajua hilo, kwa hiyo mwekee alama. Huyu ruka."

Tulikuwa wanaume wawili tuliooga, tumekaa kwenye viti vya kuzunguka, tunachambua watu kwa kabila kama wale waliokuwa na panga. Tulipomaliza walikuwa kumi na mmoja.

Nilipiga kwa simu ya mezani, maana kadi za simu za mkononi zilikuwa zimekwisha madukani mji mzima. Mmoja alikuwa tayari kituo cha polisi. Mmoja wa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, aliniuliza kwa utulivu kwa nini nampigia, huko kwao kuko shwari. Jumapili hakukuwa shwari tena. Wawili hawakushika. Mmoja simu yake ilishikwa na mtu ambaye hakuwa yeye, akasema, "Sema, boss," na nyuma yake nikasikia vitu vinavunjwa na mwanamke anapiga mayowe. Nikakata. Nambari iliyofuata mkurugenzi akanibonyezea.

Mwalimu alikuwa wa saba. Alishika mwenyewe.

"Mwalimu, jina lako na njia ya nyumba yako viko mikononi mwa watu wabaya," nikamwambia. "Lazima mtoke hapo. Tunakuja kuwachukua."

Nikasikia mashine inanguruma nyuma yake. Hakuuliza upuuzi wowote. "Mtungi wa akiba una masaa manne," akasema. "Nitakuwa tayari. Nifanye nini mpaka hapo?"

"Fungeni geti. Msimfungulie mtu yeyote. Polisi, jirani, hata pasta, yeyote. Watu wetu tu."

"Na nitajuaje kwamba ni nyinyi?"

Lilikuwa swali la busara kuliko yote niliyoulizwa katika kazi yangu. Mtu yule alikuwa anauliza kitu nilicholipwa kukijua.

"Dereva atagonga kama kawaida," nikamjibu. "Mkisikia hivyo, fungueni haraka."

"Vizuri," akasema, na akakata.

Dereva alikubali kwenda. Sikumwamuru, na sikuwa nimemwomba msamaha. Alisema tu, "Twende, sasa," akashuka ngazi mbele yangu akiwa ameshika ukuta. Tulipakia mtungi mmoja mpya, tukaondoka.

Hatukufika. Kwenye barabara ya kwenda Ravine, inayopita Kiamunyi, vijana walikuwa wamelaza nguzo ya umeme na kuchoma matairi pande zote mbili. Mbele yetu kulikuwa na gari dogo la mizigo, mlango wazi. Mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa ameshushwa na kupigishwa magoti. Walimwuliza jina, akasema jina ambalo halikuwa lake. Nilijua halikuwa lake kwa jinsi alivyolitamka. Wakamwambia ahesabu moja mpaka kumi kwa lugha ya jina hilo. Akafika tatu, akarudia tatu, akaanza kulia. Panga la kwanza alilikinga kwa mkono. Mlio wa panga ulikuwa wa mtu anayepasua kuni mbichi. Sitaandika la pili na yaliyofuata, ingawa niliyaona yote, kwa kuwa sikuweza kugeuza shingo.

"Niaje, boss. Toa ID," kijana mmoja akaniambia dirishani, kwa adabu kabisa. Uso wake ulikuwa umepakwa masizi. Akasoma jina langu kwenye kitambulisho. "Huyu ni sawa." Jina langu lilikuwa sawa hapo. Mwendo wa saa moja kutoka hapo lingeniua.

Nilimwonyesha mtungi, nikaeleza kuna mgonjwa. Hakuwa akinisikiliza. Moto wa matairi ulikuwa mkali na jasho lilimtoka, na katika mkono wa kulia alikuwa na kitu cha kujipepea. Ilikuwa orodha yangu. Plastiki haikuwa na hata mkwaruzo.

"Boss, hiyo ni yetu," nikasema. Sijui nilipata wapi sauti. "Ni ya kazi."

Akaitazama, akacheka, meno meupe ndani ya masizi. "Hata sisi tuko kazi."

Ilikuwa umbali wa mkono wangu. Ningenyoosha ningeishika. Sikunyoosha. Dereva akarudisha gari nyuma polepole, akageuza, tukarudi mjini, na alasiri hiyo serikali ikatangaza kafyu, watu wasitoke nje. Nilikwenda kituo cha polisi nikapiga kelele kaunta mpaka askari mmoja akanisukuma kifuani kwa kitako cha bunduki na kuniambia wana mitaa kumi inayoungua, nichague mmoja. Simu ya mwalimu, nilipoipiga tena, haikuwa ikipatikana.

Jumapili asubuhi tulifuata lori la jeshi mpaka Kiamunyi. Mbwa tulimkuta kwanza, nje ya ua, amekatwa karibu vipande viwili. Mzee alikuwa ndani ya geti, hatua tatu tu, amelala kifudifudi, na mtu fulani alikuwa amemfunika kwa pazia la maua. Nililiinua pazia nikalirudisha. Alikuwa amevaa koti la kutokea, vifungo vyote vimefungwa, na kichwa chake hakikuwa tena cha mtu niliyewahi kumwona.

Nililitazama lile geti. Niliishi kwa kutazama kufuli, macho yangu huenda huko yenyewe. Kufuli lilikuwa likining'inia wazi, ufunguo ndani yake. Bawaba nzima. Hakuna alama ya nyundo wala ya jiwe kubwa.

"Halijavunjwa," nikasema.

"Wamefunguliwa," dereva akajibu. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama kando. Yeye alikuwa ameelewa. Mimi bado.

Ndani walikuwa wamevunja kila kitu chenye kioo. Mashine ya oksijeni ilikuwa karibu na mlango, si kando ya kitanda, imepasuliwa kwa shoka, chujio limetoka nje. Lakini waya wake wa umeme ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kitambaa cha jikoni, na juu yake kulikuwa na begi la nguo lililochanwa. Nilisimama nikiutazama ule waya, nikashangaa ni mwizi gani anayekunja waya namna ile.

Yule mama wa kuku alitokea kwenye ua. Alituambia, macho yakiwa chini, kwamba walimburuta mwalimu mpaka uani, mrija ukamkatikia puani, wakamkalisha chini atazame. Mmoja alitaka kummaliza. Mwingine akasema, "Huyu muache, atajifia." Walipoondoka, mama huyo alimweka kwenye wilibaro na mtungi wake wa akiba, akamfunika na majani ya ng'ombe, akamsukuma mpaka kwa askari. Yeye alikuwa wa kabila la waliokuja. Alisema hivyo mwenyewe, bila sisi kumwuliza, na akaanza kutetemeka.

Tulimkuta mwalimu uwanja wa maonyesho, kwenye hema la tatu mstari wa pili. Alikuwa ameketi, mgongo umeegemea mti wa hema, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Ule mtungi wa masaa manne ulikuwa umekwisha siku mbili zilizopita na bado alikuwa ameulaza kando yake. Shavu moja lilikuwa limevimba mpaka jicho limefunga. Dereva alishusha mtungi mpya, mimi nikafunga mrija mpya na kumpachika puani. Nikafungua kidogo. Akavuta mara nne, tano, kisha akanitambua.

"Wewe ndiye uliyepiga simu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Walikuja saa tisa," akasema. Alizungumza kwa vipande, akingoja hewa. "Waligonga mara tatu. Kwa jiwe. Wakaita, 'Watu wa mashine.' Mzee akaniambia, wamefika. Akavaa koti. Mimi nikachomoa mashine, nikakunja waya, nisiwacheleweshe."

Ndani ya hema kulikuwa na mtoto analia na mtu anakoroga uji. Nikashika kamba ya hema.

"Ulisema nisiwafungulie wengine," akaendelea. "Tulifanya ulivyosema. Sasa niambie, ile ya kugonga. Walijuaje?"

Dereva alikuwa upande wa pili wa mtungi. Alikuwa na bandeji sikioni, na damu ya kofi langu ilikuwa imekaukia juu ya damu ya rungu. Angeweza kusema. Nilimtazama, na Mungu anisamehe, kwa muda wa kupepesa jicho nilitumaini kwamba atasema karatasi iliibwa kwenye gari lake, kwamba ni yeye aliyeitaja ile siri. Alitazama chini.

"Niliiandika mimi," nikasema. "Mzee huyu alinikataza. Nikaiandika kwenye orodha, chini ya jina lako, na orodha ndiyo waliyoichukua."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye hakutarajia kosa lake. Kisha akainua mkono, akavua mrija puani, kwanza sikio moja, halafu jingine, akaunyoosha kwangu. Hewa ilikuwa inatoka bure.

"Mwalimu, tafadhali. Utakufa."

Mkono wake ulibaki vilevile, umenyooka, na kifua kikaanza tena kupanda na kushuka. Midomo ilianza kubadilika rangi mbele yangu. Niliendelea kumsihi. Kisha dereva akapiga magoti kando yake, akauchukua mrija kutoka vidoleni mwake taratibu, na kusema kwa sauti ya chini, "Ni mimi, mathe."

Mwalimu akamgeukia. Akamtazama sikio.

"Huyu abaki," akasema. "Wewe toka."

Nilitoka. Nje jua lilikuwa kali, watu wamepanga foleni ya maji. Nilisimama nyuma ya turubai, karibu kiasi cha kusikia, mpaka nikasikia dereva anafungua mtungi zaidi na hewa ikapita kwa kasi.